Hedifoni za Thamani na Sauti Tulizozipoteza

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii niliikumbuka jioni moja hapa Kisumu, nilipovaa masikioni chombo ambacho sikuwahi kukigusa katika miaka yote niliyofundisha fizikia. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ng'ambo, alikuwa amerudi likizoni na hedifoni za umemetuli pamoja na amplifaya yake. Nilikwenda kwake nikidhani kuwa nakwenda kutazama anasa ya wenye fedha. Niliondoka nikiwa na deni.

Kwanza nikieleze chombo chenyewe, hasa kwa faida ya wanafunzi. Hedifoni za kawaida zina sumaku na koili ya waya. Hizi hazina. Ndani yake mna utando wa plastiki mwembamba mno, wenye unene wa sehemu moja au mbili hivi za elfu za milimita. Utando huo hupewa chaji isiyobadilika na kuwambwa kati ya mabamba mawili yenye vitundu. Muziki unapoingia katika mabamba hayo kwa njia ya volti zinazopanda na kushuka, bamba moja huuvuta utando na la pili huusukuma. Hewa ikatikisika, nasi tukasikia. Ni nguvu ile ile inayokifanya kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinyanyue vipande vya karatasi, jaribio ambalo kila mwalimu wa fizikia amelifanya mbele ya darasa.

Kwa kuwa nguvu hiyo ni ndogo, volti nyingi zahitajika. Ndiyo sababu hedifoni hizi haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye simu. Sharti ziwe na amplifaya maalumu itoayo mamia ya volti, ijapokuwa mkondo wake ni haba. Kampuni ya Stax ya Japani, iliyoanza kuziuza mwaka 1960, hutumia volti 580 kuuchaji utando wa hedifoni zake nyingi. Sennheiser ya Ujerumani ilitoa Orpheus mwaka 1991, seti 300 tu. Na mrithi wake, aliyetangazwa mwaka 2015, alitajiwa bei ya takriban yuro 50,000. Zile za mwenyeji wangu ni za bei ya chini mno kuliko hiyo, lakini hata hizo si za mfuko wa mwalimu. Isitoshe, unyevu na vumbi ni adui zake, na sisi wa kando ya ziwa tunavyo vyote viwili.

Akaniwekea wimbo "Kothbiro" wa Ayub Ogada, uliomo katika albamu yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi redioni. Safari hii nilisikia kidole kikiuacha uzi wa nyatiti, na pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Utando mwepesi hauna ajizi. Hufuata hata mtikisiko mdogo.

Ndipo nikakumbuka kanda yangu. Ami yangu wa Seme alikuwa jathum, mpigaji nyatiti aliyealikwa katika matanga na harusi za vijiji vingi. Mwaka 1987 nilimrekodi kwa redio-kaseti katika sherehe ya nyumbani. Amekwisha kufariki, wala hakuna kanda nyingine yake. Kijana huyo alikuwa ameihamishia kanda hiyo kwenye kompyuta, akanipigia.

Chombo kile hakina huruma. Nilisikia mvumo wa mota ya redio, upepo, na masufuria yakigongana. Nyuzi nane za ami zilikuwa mbali, kama zinapigwa ng'ambo ya mto. Kwa mbali zaidi nilisikia pete ya chuma ya kidole cha mguu, oduong'o, ikigonga mti wa ala, jambo ambalo kwa redio yangu sikuwahi kulisikia. Kisha sauti ya kijana ikaufunika ubeti mzima. Alikuwa akimsimulia jirani habari za mpira. Sauti hiyo ni yangu.

Sikio bora haliwezi kurudisha kisichorekodiwa. Huko tajiri anatoa mamilioni ili asikie vyema; huku sisi tunawazika wazee wetu pamoja na nyimbo zao. Hugh Tracey alipita Kenya akirekodi mwaka 1950, na miongoni mwa alizozichukua ni nyimbo za Wakipsigis. Hazina aliyoianzisha mwaka 1954 leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ilikuwa ni katika miaka ya 2010 ndipo nakala zilipoletwa Kapkatet. Je, sisi tutangoja mgeni mwingine?

Nitaambiwa kuwa shule zetu hazina fedha. Nakubali. Lakini kanda yangu haikuharibiwa na umaskini peke yake. Iliharibiwa na uzembe wangu. Niliiweka redio mbali, nikazungumza. Simu ya leo hurekodi vizuri kuliko redio ile. Kwa hiyo, walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwa wazee. Waombeni ruhusa kwanza. Chagueni chumba kitulivu, simu iwe karibu na ala, na watu wote wanyamaze. Andikeni jina la mpigaji, mahali, tarehe na maana ya wimbo. Nakala moja ibaki kwa mzee, ya pili shuleni, na ya tatu iombewe nafasi katika Makumbusho ya Kisumu au Chuo Kikuu cha Maseno.

Kanda ya ami yangu haiwezi kurekebishwa. Lakini yupo mzee karibu na shule yako ambaye bado anapiga. Mwendee likizo hii.