Mlinzi mdogo wa ini

SARATANI ya ini hunyemelea kimyakimya. Mara nyingi mgonjwa hufika hospitalini uvimbe ukiwa umekwisha kukomaa. Je, ini halina mlinzi?

Linaye. Mwaka wa 1993 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza juu ya kipande kifupi cha RNA katika mnyoo mdogo. Hakiundi protini, bali huzuia jeni fulani zisiiunde kupita kiasi. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024.

Ini la binadamu limejaa kipande cha jamii hiyo, kiitwacho miR-122. Mwaka wa 2012 ilibainika kwamba panya waliokikosa maini yao yalijaa mafuta, yakafanya makovu, kisha yakaota saratani. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya ini pia, kipande hicho huwa kimepungua.

Wakati watafiti wakitafuta jinsi ya kumrudisha mlinzi huyo, mzazi, wazuie maadui. Mtoto apate chanjo ya homa ya ini aina ya B akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mahindi yaliyoota ukungu yasipikwe. Pombe iepukwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.