Makaburi ya Marafiki Wawili katika City Park

Mkazi wa Kaloleni au Bahati atafutaye kivuli na utulivu hana haja ya kusafiri mbali. Ng'ambo ya Pangani, kando ya Barabara ya Limuru, upo msitu wa City Park, ambao ni kama kisiwa kati ya majumba na magari. Kima wamejaa humo, nao ni wezi hodari wa ndizi.

Katika makaburi ya hapo amelazwa Pio Gama Pinto, Mbunge aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari, 1965. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alitaka azikwe karibu naye. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa jirani. Kaburi lake limezungukwa na sanamu za wachongaji wa Kiafrika, ambao kazi zao alizikusanya kwa mapenzi makubwa.