Nyumba ya Mawe ya Lamu na Wanawake Walioishi Ndani Yake



Wasomaji wetu watukufu, wengi wetu tufikapo Lamu husimama mbele ya mlango wa nakshi, tukausifu, kisha tukaenda zetu. Juma hili twawaombeni tupige hodi, tuingie. Historia ya nyumba hizi haikomei mlangoni. Imo kwa wale waliozaliwa, wakaolewa na kuoshwa maiti ndani yake, na wengi wao ni wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mjini Lamu ipo nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa iwe makumbusho ya maisha ya Waswahili. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, takriban mita 3 tu.

Mgeni huanzia dakani, penye baraza za mawe kushoto na kulia. Hapo baba mwenye nyumba alizungumza na wafanyabiashara na wapita njia. Ukivuka kizingiti, njia hupinda ili jicho la nje lisifike ndani. Hufuata kiwanda kilicho wazi juu, kinachoingiza mwanga na upepo, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, kila sakafu ikiwa juu kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo kila hatua ya kuingia ilikuwa hatua ya sitara.

Ndani ndimo mlimo na zidaka, ule ukuta wa vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, vikapambwa kwa vyombo vya kaure. Nyuma yake ni nyumba kati, chumba kidogo chenye giza. Mama alijifungulia humo, na humo humo maiti alioshwa kabla ya kutolewa kwa mara ya mwisho. Mtu aliweza kuanza na kumaliza safari yake ya dunia katika chumba kimoja.

Nyumba hizi zilikuwa za nani? Miongoni mwa familia zenye uwezo, ilikuwa ada baba kumpa binti yake nyumba aolewapo, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Penye jamaa ng'ambo ya kichochoro, palijengwa wikio, chumba kilichopita juu ya njia, na wanawake wakaamkiana bila kushuka barabarani. Binti aliingia katika ndoa akiwa na paa lake na mama yake karibu.

Haki yatulazimu kuwataja na wengine. Waliochota maji, waliopika, na waliobeba mawe na boriti, wengi wao walikuwa watumwa, na makao yao mara nyingi yalikuwa ghorofa ya chini pamoja na ghala. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Tukisifu uzuri wa zidaka, tusiwasahau ambao jasho lao limo katika chokaa.

Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, heshima hiyo haizibi dari inayovuja. Warithi wameongezeka, matengenezo ni ghali, na nyumba nyingi zimeuzwa kwa wageni. Mara nyingine anayepoteza ni yule binti aliyeambiwa na baba kwa mdomo, "Nyumba hii ni yako." Baba akifa bila kumkabidhi, bila hati wala shahidi, nyumba hiyo huingia katika mirathi, na neno la baba hubaki kuwa kumbukumbu ya binti peke yake.

Dini yetu haikutuacha gizani. Mzazi aweza kumpa mwanawe hiba angali hai, lakini hiba hukamilika kwa kukabidhi. Basi na iandikwe, ishuhudiwe, na binti apewe nyumba yake waziwazi, huku watoto wote wakitendewa uadilifu. Anayetaka nyumba isiuzwe kabisa, mlango wa wakfu uko wazi. Kadhi ni wa kuulizwa mapema, kabla ya msiba na kabla ndugu hawajakosana.

Na nyinyi mlio na bibi wazee, kaeni nao. Waulizeni ni nani aliyezaliwa katika nyumba kati, na ni nani aliyepewa ghorofa ya juu. Yaandikeni majina hayo. Ukuta ukianguka waweza kujengwa upya, lakini jina lililokwenda kaburini na mwenye kulijua halirudi tena.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika nyumba hizi, na azijaalie zetu kuwa nyumba za sitara na uadilifu. Amin.