Makaa yasiyotoa moshi yanaweza kuua: ota moto kwa usalama wakati wa baridi



Katika kambi zilizoko milimani, kama Kiziba na Kigeme nchini Rwanda, usiku wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huwa na baridi kali. Familia nyingi huota moto. Moto ni mzuri, lakini ukiwekwa pabaya unaweza kuwaua watu wote wa nyumba wakiwa usingizini. Soma ukurasa huu, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

KWA NINI KUNI NGUMU HUKAA SANA?

Kilo moja ya kuni ngumu na kilo moja ya kuni laini, zote zikiwa kavu, hutoa joto linalokaribiana. Tofauti ni kwamba mti mgumu, kama mkaratusi au mgunga, umeshikana, hivyo hata kipande kidogo kina uzito. Mzigo wa ukubwa uleule una joto zaidi, huwaka polepole na huacha makaa (makala) yanayokaa kwa saa nyingi. Mti laini kama msonobari huwaka haraka na kwisha haraka.

Lakini kuni iwe kavu. Katika kuni mbichi, karibu nusu ya uzito inaweza kuwa maji. Moto hutumia nguvu nyingi kukausha maji hayo, nawe unabaki na moshi. Pasua kuni zako, zipange juu ya mawe, funika juu tu ili upepo upite pembeni. Kuni ngumu huhitaji miezi sita au zaidi kukauka. Zikipasuliwa vipande vyembamba hukauka mapema. Kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili hulia kwa sauti kali.

HATARI IKO WAPI?

Watu wengi husubiri moshi uishe, kisha huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Wanadhani hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa. Makaa ya kuni ngumu hukaa muda mrefu, kwa hiyo sumu hiyo hujaa usiku kucha, hasa nyumba ikiwa ndogo na imezibwa kwa shitingi. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, watoto wadogo na wazee ndio walio hatarini zaidi.

DALILI ZAKE

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Wengine hudhani ni malaria, au kwamba wamelogwa. Angalia mambo haya: watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa pamoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, shuku moto.

UFANYE NINI?

1. Fungua mlango na madirisha, watoe watu wote nje mara moja.
2. Ukimkuta mtu hajitambui, usikae ndani kumhudumia. Mtoe kwanza, kisha ita msaada.
3. Wapeleke wagonjwa kituo cha afya, hata kama wamepata nafuu, na umweleze mganga kwamba mlikuwa na moto ndani. Huenda wakahitaji oksijeni.

JIKINGE

- Usilale na moto wala makaa ndani, hata yakiwa yamefunikwa na majivu.
- Ota moto nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Kabla ya kulala, toa mbabula nje, mbali na shitingi na mahali watoto wanapocheza.
- Baridi nyingi hutoka chini. Tandika majani makavu au mikeka miwili chini ya godoro.
- Wavalishe watoto soksi na kofia, walale pamoja chini ya blanketi.
- Pika chakula cha jioni kwa kuchelewa kidogo, mle kikiwa cha moto kabla ya kulala.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, hakikisha mbabula iko nje.