Kikombe cha Masikio Mawili

Inchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza, iko na kikombe chenye kuheshimiwa sana. Kinaitwa quaich. Jina hilo limetoka katika luga ya Kigaeli, neno cuach, maana yake kikombe tu.

Ni kipana na kifupi, kama bakuli ndogo, na kiko na masikio mawili ya kushikia. Zamani mafundi walikichonga katika muti, ao waliunga vipande vya muti. Mwisho wa miaka ya 1600, wenye mali walianza kutumia vya feza.

Masikio mawili ni ya kazi gani? Mwenye kutoa anashika kwa mikono miwili, na mwenye kupokea vilevile. Watu wanaeleza kwamba, mikono yote ikiwa pale, hakuna mwenye kuchomoa kisu. Ni kikombe cha amani.

Hata leo bwana na bibi arusi wanakunywa humo pamoja. Makanisa mengine ya kule yanakitumia kwenye Meza ya Bwana. Na tangu 1989, Uskoti na Irlandi wanashindania Centenary Quaich katika mupira wa rugby.

Ndugu musomaji, kwetu pia mutoto mwenye adabu anapokesha mukubwa kwa mikono miwili. Lakini baba mwenye kukunywa mushahara wote peke yake, bibi na watoto wakilala njaa, kikombe chake kina sikio moja tu. Wewe, chako kina mangapi?