Arubaini ya mzazi: Tuchukue nini kwa Ayurveda, na tuogope nini?

Mwanamke akijifungua hapa Pwani, nyumba nzima hushughulika. Kuna maji ya moto, kukandwa, kufungwa tumbo kwa leso, uji wa pilipili manga na siku arubaini za kupumzika. Wengi hudhani haya ni yetu peke yetu. Kumbe India nako yako karibu yote, na yameandikwa katika vitabu vya kale vya tiba ya Ayurveda.

Katika tiba hiyo mzazi huitwa sutika, na hutunzwa kwa takriban mwezi mmoja na nusu. Waganga wake husema kwamba uchungu na kutokwa damu humwachia mama "vata" nyingi, yaani upepo na baridi mwilini, huku nguvu ya kusaga chakula ikipungua. Ndiyo maana kila anachofanyiwa ni cha kumpasha joto na kumtuliza.

Husingwa mwili kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha huoga maji ya moto. Kitabu cha Charaka Samhita kinaagiza tumbo lipakwe mafuta na kuzungushiwa kitambaa kikubwa. Chakula huanza na uji mwepesi wa wali wenye samli na tangawizi, kisha supu na dengu, na vyakula vizito hufuata polepole. Bizari nyembamba na uwatu hutiwa kwa imani kwamba huongeza maziwa.

Mengi ya haya hayana ubaya. Mama anahitaji kulala, kula vizuri na kupokewa kazi za nyumbani. Hilo hata daktari atakwambia.

Hatari iko kwingine. Kwanza ni dawa za unga na vidonge. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za aina hiyo zilizouzwa Boston, Marekani, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Anayenyonyesha asimeze kitu asichokijua.

Pili ni kukanda ovyo. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumbo kabla kidonda hakijapona. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande kabisa. Huenda damu imeganda ndani, na donge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua.

Tatu ni mtoto. Desturi ya kumlambisha asali na samli ipo India na pia kwetu. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kumletea sumu inayolegeza misuli. Maziwa ya mama yanamtosha kwa miezi sita.

Kubwa zaidi, dada zangu, mama zangu na wakunga wetu: mzazi akitokwa damu nyingi, akipata homa, akiumwa kichwa sana na kuona kiza, au akidegedega, msiseme ni upepo wala baridi. Wekeni mafuta kando, tafuteni gari. Na hata akiwa mzima, arubaini isimzuie kwenda kliniki. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe katika siku ya kwanza, siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita.

Leso ya tumbo na kadi ya kliniki havigombani. Mzazi wetu anastahili vyote viwili.