Kwa Nini Mgonjwa wa Saratani Hutoka Damu

 

Ukijikata kwa kisu jikoni, damu hutoka, kisha hukoma yenyewe. Kwa nini? Kwanza, vijichembe vya damu hukimbilia jeraha na kuliziba. Mtu mwenye afya ana vijichembe 150,000 hadi 450,000 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Pili, protini za damu hufanya nyuzi zinazokaza kizibo hicho. Vijichembe hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Protini nyingi hutengenezwa na ini.

Mgonjwa wa saratani aweza kupotewa na kinga hiyo, ingawa hakuzaliwa na kasoro ya damu. Sababu kubwa ni tatu. Saratani, au dawa kali za kuitibu, huudhoofisha uboho, na vijichembe hupungua. Ini likiugua, protini hupungua. Tena, saratani nyingine huifanya damu igande ovyo ndani ya mishipa midogo, hata vijichembe na protini vikaisha. Ni kama kijiji kilichomaliza maji yake kwa kuzima moto usiokuwapo. Nyumba ikishika moto kweli, mtungi ni mtupu.

Basi, je, tukate tamaa? Hasha! Iko saratani moja ya damu ambayo zamani iliua upesi sana kwa kutokwa damu. Mwaka 1988 madaktari wa Shanghai, nchini China, walitangaza kwamba dawa ya jamii ya vitamini A iliwapa wagonjwa wao nafuu kubwa. Leo wengi hupona, lakini sharti wawahi, kwa maana siku za kwanza ndizo za hatari.

Kwa hiyo angalieni dalili: fizi au pua kutoka damu, madoa mekundu miguuni, choo cheusi kama lami, kichwa kuuma sana kwa ghafla. Msiseme, “Ndiyo saratani yenyewe.” Mpelekeni hospitali siku ile ile, damu yake ipimwe. Huenda akaongezwa vijichembe vya mtu mwingine, au akapewa vitamini K. Wala msimpe aspirini bila ruhusa ya daktari, maana huzuia kazi ya vijichembe.

Swali la kuzungumza kikundini: kwenu, nani atampeleka mgonjwa hospitali usiku?